Magari ya Kale na Ukaguzi wa Kila Mwaka

Mwaka 1960 serikali ya Uingereza ilianza kuyakagua magari ya watu binafsi kwa nguvu ya sheria. Si magari yote yaliyotakiwa kufika mbele ya mkaguzi. Yalitakiwa yale tu yaliyotimiza umri wa miaka 10 au zaidi, maana ilionekana wazi kwamba gari kuukuu ndilo aghalabu lenye breki zilizolegea, taa zisizowaka na usukani wenye mchezo. Ukaguzi wa wakati ule ulihusu mambo hayo matatu basi. Mwaka 1961 umri huo ulishushwa hadi miaka 7, na mwaka 1967 ukashushwa tena hadi miaka 3.

Tarehe 18 Novemba 2012 serikali ya nchi hiyo hiyo iliyaondoa katika ukaguzi wa kila mwaka magari yote yaliyoundwa kabla ya mwaka 1960. Msomaji ataona ajabu iliyopo. Gari lililoundwa, tuseme, mwaka 1948, ni miongoni mwa yale ambayo ukaguzi ulianzishwa kwa ajili yake. Sasa likawa la kwanza kusamehewa. Kisha, tangu tarehe 20 Mei 2018, msamaha ukapanuliwa kufikia kila gari lililotimiza miaka 40, mradi lisiwe limefanyiwa mabadiliko makubwa katika miaka 30 iliyotangulia. Mpaka huo wa miaka 40 haukusimama mahali pamoja, bali husogea pamoja na kalenda. Mwaka 2018 uliyagusa magari ya 1978. Mwaka 2025 uliyagusa magari ya 1985, ambayo mengi yake yaweza kwenda kilomita 160 kwa saa bila taabu.

Je, uamuzi huo una msingi katika sayansi? Nimelichagua swali hili kwa sababu halijibiwi kwa somo moja. Kemia ya kutu na ya mpira imo, fizikia ya breki imo, na hesabu ya asilimia, ambayo wanafunzi huidharau kwa kuiona nyepesi, ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa kuliko yote.

Nani aliyesamehewa

Yafaa kwanza tueleze gari la kale ni lipi, kwa kuwa neno hilo hutumika ovyo. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014, ambalo Uingereza iliufuata mlango wake ilipotoa msamaha wa 2018, linataka mambo matatu: gari liwe na umri usiopungua miaka 30, aina yake iwe haiundwi tena, na liwe limehifadhiwa katika hali yake ya asili bila kubadilishwa tabia za sehemu zake kuu. Kwa magari ya namna hiyo kila nchi iliachiwa uhuru wa kuamua jinsi ya kuyakagua.

Nchi hazikuamua kwa namna moja. Ujerumani huyapa magari ya miaka 30 na zaidi yaliyotunzwa vizuri kibao cha namba chenye herufi H, lakini hayana budi kupimwa kila baada ya miaka miwili. Ufaransa iliamua kuyakagua magari yaliyoandikishwa kuwa ya kumbukumbu kila baada ya miaka 5, na kuyasamehe yale tu yaliyoundwa kabla ya 1960. Uingereza ndiyo iliyokwenda mbali. Huko mwenye gari hutamka kwa maandishi kwamba gari lake linastahili msamaha, na mambo yakaishia hapo. Malori makubwa na mabasi ya abiria kwa kawaida hayamo.

Haki itendeke: sheria hiyo haikumruhusu mtu kuendesha gari bovu. Akikamatwa na gari la hatari aweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500, na akipenda aweza kulipeleka gari lake kupimwa kwa hiari. Lakini kati ya wajibu ulioandikwa na chombo cha kupimia kuna tofauti, kama ilivyo kati ya kumwambia mwanafunzi asome na kumpa mtihani.

Hesabu iliyotolewa

Serikali ilipoutetea msamaha wa 2012 haikusema maneno matupu, ilileta tarakimu. Magari yaliyoundwa kabla ya 1960 yalikuwa kama asilimia 0.6 ya magari yote yenye leseni, lakini yalihusika katika asilimia 0.03 tu ya ajali na majeruhi. Karibu theluthi mbili yake yalitembea chini ya maili 500 kwa mwaka, yaani kilomita 800. Na yalipopimwa, yaliyoshindwa mara ya kwanza hayakufika asilimia 10, ilhali miongoni mwa magari ya baadaye yaliyoshindwa yalizidi asilimia 30.

Tarakimu hizi sina sababu ya kuzikataa. Ninachokataa ni haraka ya kuzisoma.

Ukigawanya 0.03 kwa 0.6 utapata 0.05, yaani sehemu moja ya ishirini. Msomaji mwepesi atasema kwamba gari la kale ni salama mara 20 kuliko gari la kawaida. Hapo mwalimu wa hesabu na amwulize: kwa kila nini? Maana 0.05 hiyo ni uwiano wa ajali kwa kila gari, nalo gari lililofunikwa turubai bandani haligongi mtu. Ajali hutokea barabarani, kwa hiyo kinachofaa kuwekwa chini ya mstari wa sehemu ni umbali uliotembewa. Gari la kawaida la Uingereza katika miaka ile lilitembea kama maili 8,000 kwa mwaka, karibu kilomita 13,000.

Tujaribu makadirio mawili. Kwanza tuchukulie kwamba gari la kale kwa wastani lilitembea kilomita 800. Hiyo ni kama sehemu moja ya kumi na sita ya mwendo wa gari la kawaida. Kwa hiyo magari hayo, yaliyo asilimia 0.6 kwa idadi, yalikuwa asilimia 0.6 kugawanya kwa 16, yaani kama 0.04, ya mwendo wote. Nayo yalipata asilimia 0.03 ya ajali. Ile tofauti ya mara 20 imeyeyuka; kwa kila kilomita gari la kale lakaribiana na gari la kawaida. Pili, tuwe wakarimu. Ile theluthi moja iliyobaki yaweza kuwa ilitembea sana, basi tuufanye wastani wa yote kuwa kilomita 1,600. Sasa mwendo wao ni asilimia 0.075 ya mwendo wote, na ajali ni 0.03. Hapo gari la kale lina ajali pungufu ya nusu kwa kila kilomita. Kwa hiyo jibu limo kati ya "sawasawa" na "salama mara mbili u nusu". Si dogo, lakini si ishirini.

Hata hiyo nusu yataka kuulizwa inatoka wapi. Gari la kale hutolewa siku ya Jumapili yenye jua, mchana, barabara ikiwa kavu, na dereva wake aghalabu ni mtu mzima asiye na pupa. Halitoki usiku wa baridi wakati barabara ina barafu. Ukilinganisha ajali zake na za gari linalokwenda kazini kila alfajiri, unalinganisha nyakati na madereva zaidi kuliko vyuma.

Tena idadi yenyewe ni ndogo. Majeruhi wa barabarani nchini humo mwaka 2010 walikuwa kama 200,000 na kidogo, asilimia 0.03 yao ni watu kama 60. Wanafunzi wa takwimu wanajua kwamba idadi ya matukio ya bahati nasibu hupepea kwa kiasi cha kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha pili cha 60 ni karibu 8. Mwaka mmoja waweza kutoa 45 na mwaka mwingine 75 bila breki hata moja kubadilika. Basi ikiwa hali ya magari itaharibika polepole baada ya msamaha, tarakimu hizi hazitatuonya mapema.

Lakini jambo zito zaidi ni kwamba takwimu zile zote zilikusanywa wakati magari hayo bado yanakaguliwa kila mwaka. Zinatuonyesha gari la kale lililopimwa. Gari la kale lisilopimwa hazikulizungumzia hata kidogo. Ni sawa na kijiji ambacho watoto wote wamechanjwa surua; mtu anapita, haoni mgonjwa, naye anashauri kliniki ya chanjo ifungwe kwa kuwa surua haipo. Hata ile asilimia 10 ya kushindwa, inayotajwa kama sifa, tuitazame tena. Wenye magari walikuwa wakijua siku ya mtihani, wakayaandaa magari yao, na bado karibu gari moja katika kila kumi likakutwa na kasoro ambayo mwenyewe hakuiona au hakuijali.

Saa mbili ndani ya gari moja

Hoja iliyo nyuma ya tarakimu zile, ukiivua nguo, ni hii: gari lisilotembea halichakai. Nusu yake ni kweli. Ndani ya kila gari kuna saa mbili. Moja huhesabu kilomita, nyingine huhesabu miaka. Pistoni, giya, bearingi na vipande vya kusugulia vya breki hufuata saa ya kwanza. Gari likisimama, nayo husimama. Bali chuma chembamba, mpira na mafuta ya breki hufuata saa ya pili, ambayo haisimami hata gari likiwa juu ya matofali.

Tuanze na chuma. Kutu ni muungano wa chuma, oksijeni na maji, na hauhitaji gurudumu kuzunguka. Katika nchi za baridi barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa barafu, na chumvi ikiyeyuka katika maji huyafanya yapitishe umeme kwa urahisi, hivyo utendaji wa kikemia unaolila chuma huharakishwa. Chumvi iliyoingia ndani ya mbavu za bodi hukaa humo. Kutu pia huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huvimba, hupasua rangi na kufungua njia kwa maji zaidi. Magari mengi tangu miaka ya 1950 hayana chesisi ya pekee. Bodi yenyewe, ya bati lenye unene wa karibu milimita moja, ndiyo inayobeba springi, usukani na mikanda. Ndiyo maana mkaguzi wa Uingereza huagizwa kutafuta kutu kwa makini katika eneo la sentimita 30 kuzunguka kila mahali panapofungwa sehemu hizo. Rangi mpya inayong'aa haimwambii kitu. Hata hivyo nyundo ndogo ya kugongea humwambia.

Mpira huzeeka kwa njia nyingine. Chembe zake ni minyororo mirefu ya kaboni yenye viungo maradufu, na ozoni iliyo hewani, ingawa ni kidogo mno, huvishambulia viungo hivyo na kuvikata, hasa mpira ukiwa umevutwa. Joto nalo huharakisha: kanuni ya kukadiria inayofundishwa mashuleni husema kwamba utendaji mwingi wa kikemia huongezeka kasi kama mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto. Matokeo yake ni tairi lenye kashata nzuri lakini lililokufa ndani. Mwaka 2012 basi moja lilipata ajali huko Surrey, kusini mwa Uingereza, na watu watatu wakafariki. Tairi lake la mbele lililopasuka lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19, na kina cha kashata yake kilikuwa halali. Baada ya kampeni ya miaka mingi, tangu Februari 2021 sheria ilikataza tairi lenye umri uliozidi miaka 10 kufungwa katika ekseli za mbele za malori na mabasi. Serikali ile ile iliyoukubali ushahidi wa saa ya pili kwa tairi za basi, ilikuwa imeusahau kwa gari la kale.

Nilipokuwa nikisoma huko, mwenye nyumba wangu, mzee mstaafu, alikuwa na Morris Minor ya mwaka 1958 aliyoisugua kila Jumamosi mpaka ukaweza kujitazama uso katika bamba yake. Injini aliijua kama anavyojua kiganja chake. Tairi zake zilikuwa na kashata kama zilizotoka dukani, na ubavuni nyufa kama za udongo wa bwawa lililokauka. Hakuziona, kwa sababu alikuwa akizitazama kila siku.

Breki na maji yasiyoonekana

Sehemu inayostahili kuelezwa kwa kirefu ni breki, kwa kuwa humo saa zote mbili hukutana.

Gari la kilogramu 1,000 likienda kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22.2 kwa sekunde, lina nishati ya mwendo ya nusu ya tungamo mara mwendokasi kipeo cha pili, ambayo ni kama jouli 247,000. Dereva akilisimamisha, nishati hiyo yote hugeuka joto katika breki. Ingetosha kuchemsha zaidi kidogo ya robo tatu ya lita ya maji kutoka nyuzi 25. Likiteremka mlima wenye kimo cha mita 300 huku dereva amekanyaga breki njia nzima, joto hilo laweza kukaribia mara kumi na mbili ya hilo. Magari ya zamani yana breki za drami, ambazo joto lake limefungiwa ndani ya chungu cha chuma, tofauti na diski iliyo wazi kwa upepo.

Joto hilo hufika katika mafuta ya breki. Jina hilo tumelizoea, ingawa hasa si mafuta bali ni kiowevu cha jamii ya glikoli, chenye tabia ya kunyonya unyevu wa hewani kupitia mipira na matundu ya kopo. Kiwango kiitwacho DOT 3 hutakiwa kisichemke chini ya nyuzi 205 kikiwa kipya. Kikishanyonya maji kwa asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Sasa, kiowevu hakibonyezeki, lakini mvuke hubonyezeka. Mafuta yenye maji yakichemka, pedeli hushuka hadi sakafuni kama unayekanyaga sifongo, na gari haliombi radhi. Unyevu ule hauhesabu kilomita. Hukusanyika kwa miaka, tena huyalisha kutu magamba ya silinda, ili pistoni za breki za gari lililosimama zikwame mahali pamoja.

Ongeza juu ya hayo kwamba magari mengi yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1960 kwisha yana mzunguko mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, breki yote ya mguu imekwenda, na iliyobaki ni ya mkono. Marekani iliyalazimisha magari mapya kuwa na mizunguko miwili tangu 1968. Katika Morris Minor silinda kuu ya breki imewekwa chini ya sakafu ya dereva, na kuikagua huna budi kufunua zulia. Mtu mvivu hafunui.

Mkaguzi yeye hupima. Gari huwekwa juu ya rola, na nguvu ya breki za magurudumu yote hujumlishwa na kulinganishwa na uzito wa gari. Kwa magari mengi ya Uingereza kiwango cha chini kimekuwa asilimia 50. Tafsiri yake kwa fizikia ni nyepesi: breki ya asilimia 50 hupunguza mwendo kwa mita 4.9 kwa sekunde kila sekunde, na gari la kilomita 80 kwa saa husimama baada ya mita 50. Breki hiyo ikidhoofika hadi asilimia 30, gari litahitaji mita 84. Mita 34 zilizoongezeka ni urefu wa magari manane hivi yaliyofuatana. Na mwenye gari hatambui, kwa sababu breki haikudhoofika siku moja. Mguu wake umejifunza kukanyaga zaidi kidogo kila mwezi. Hiyo ndiyo kazi ya kipimo ambayo mapenzi kwa gari hayawezi kuifanya, hata yawe makubwa namna gani.

Upande wa pili

Wanaotetea msamaha wana neno la haki, nalo lisifichwe. Mkaguzi kijana aliyefunzwa kwa magari ya kompyuta aweza kukutana na breki zinazovutwa kwa fito za chuma, asijue pa kuanzia. Vipengele vingi vya ukaguzi wa leo haviligusi gari la kale: halina mifuko ya hewa, pengine halikuundwa na mikanda, na moshi wake hutazamwa kwa jicho tu. Wenye magari hayo wengi ni watu makini kuliko jirani zao. Aidha, kulipima kila mwaka gari lililotembea kilomita 300 tangu lipimwe mara ya mwisho ni kutumia muda wa watu vibaya. Hata hivyo serikali ilipotaka maoni ya wananchi kabla ya msamaha wa 2018, wengi wa waliojibu waliupinga.

Kwa maoni yangu hoja hizi zinathibitisha kwamba ukaguzi ubadilishwe, wala hazithibitishi kwamba ufutwe. Ikiwa saa ya kilomita inakwenda polepole, na muda kati ya ukaguzi na urefushwe, kama Wajerumani walivyoridhika na miaka miwili. Ikiwa vipengele vingi havihusu, na viachwe, vibaki vile vya mwaka 1960, yaani breki, usukani na taa, pamoja na kutu na umri wa tairi na mipira. Kazi hiyo fundi mzoefu huimaliza kwa nusu saa. Ada ya juu kabisa iliyowekwa mwaka 2010 kwa ukaguzi mzima wa motokaa ilikuwa pauni 54.85, na gari la kumbukumbu lenyewe huweza kuuzwa kwa maelfu. Yule atembeaye kwa miguu pembeni mwa barabara hakushirikishwa katika raha ya kumiliki gari la 1958, basi asishirikishwe katika hatari yake.

Msomaji wa Afrika Mashariki aweza kuuliza habari hii inamhusu nini. Kwetu magari ya kale ya fahari yapo, hasa Nairobi, ambako maonyesho yake yamefanyika tangu 1970. Lakini ni machache. Gari la miaka 40 katika barabara zetu aghalabu ni Land Rover au Peugeot 504 inayobeba magunia na watu, tena ambayo imekwisha kubadilishwa injini na kuchomelewa fremu mara kadhaa. Saa zake zote mbili zinakwenda mbio. Sheria ya kusamehe kwa umri peke yake, ikinakiliwa ilivyo, ingelisamehe gari hilo hilo linalohitaji jicho la mkaguzi kuliko mengine yote. Na sharti la "bila mabadiliko makubwa" lataka mtu wa kulithibitisha, yaani mkaguzi.

Kazi ya darasani

Walimu wa kemia waweza kuonyesha saa ya pili kwa vitu vya bei ndogo. Chukua mipira minne ya kufungia noti iliyotoka katika pakiti moja. Vuta miwili kuzunguka kipande cha ubao, mmoja uuweke juani na wa pili ndani ya kopo lililofunikwa. Miwili isiyovutwa igawanywe vivyo hivyo. Baada ya wiki tatu au nne tazameni kwa kioo cha kukuzia, kisha pimeni ni uzito gani unaoukata kila mmoja. Kwa misumari tumieni chupa nne: maji matupu, maji ya chumvi, maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta ya kula juu, na msumari uliopakwa grisi ndani ya maji ya chumvi. Mafuta ya breki msiyatumie darasani, yana sumu na huharibu rangi na ngozi.

Kwa darasa la hesabu: katika mji mmoja wa kubuni kuna baiskeli 2,000 na pikipiki 500. Katika mwaka mmoja baiskeli zilipata ajali 40 na pikipiki 30. Kila baiskeli ilitembea kilomita 1,000 kwa wastani na kila pikipiki kilomita 15,000. Tafuteni ni chombo kipi kilichokuwa na ajali nyingi kwa kila chombo, na kipi kwa kila kilomita milioni moja. Kisha mwanafunzi mmoja asimame amtetee mwenye baiskeli kwa tarakimu ya kwanza, mwingine amtetee mwenye pikipiki kwa ya pili, na wa tatu awaulize wote wawili safari hizo zilifanyika saa ngapi na katika barabara zipi.